Jezi ya Kumi na Tatu

Meneja wa timu ya mpira wa kikapu alifika asubuhi na furushi la jezi begani, fundi akiwa bado anafagia nyuzi za jana sebuleni anakoshonea, na alipokaribishwa kiti akasema hakai, ana haraka. Hilo peke yake lilitosha kumshtua mtu. Meneja huyu alikuwa bingwa wa kukaa. Angekaa kwenye kiti cha wateja, aombe maji, aombe na chai, asimulie mechi nzima kana kwamba yeye ndiye aliyeruka, na ukimuuliza jambo la maana akuambie kesho. Wachezaji walikuwa wamembandika jina hilohilo, Kesho. Yeye alilijua na halikumkosesha usingizi.

"Shemeji, mzigo wa ligi umeingia," alisema akilitua furushi juu ya meza ya kukatia. "Zimetoka makao makuu ya ligi ya kanda yenyewe. Zimekuja na namba, majina hazina. Nataka majina mgongoni, herufi nyeupe, na zile za wafupi uzibane ubavuni. Wametuletea saizi za majitu."

"Zinatakiwa lini?"

"Zinakaguliwa Jumamosi, kabla ya ufunguzi. Kila jezi nimeibandika plasta yenye jina. Hata mtu wa usingizini hawezi kukosea."

"Na chai?"

"Siku nyingine, shemeji. Siku nyingine."

Akatoka karibu akimbie. Timu nzima, kuanzia kocha hadi dereva, ilimwita fundi shemeji, kwa sababu mumewe ndiye kapteni. Ndiye aliyewabeba mpaka wakatwaa ubingwa wa nchi, wakaruka na kupigana kwenye uwanja wa saruji unaochubua magoti, na ubingwa huo ndio uliowapa tiketi ya ligi ya kanda, ligi ya kulipwa, inayochezwa ndani, juu ya mbao, mbele ya kamera. Tangu siku ile nyumba hii haikuwa na wimbo mwingine.

Fundi alikunjua furushi na cha kwanza alitafuta namba tisa, namba ya mumewe. Akaipata. Plasta iliyobandikwa ilikuwa na jina refu la kigeni, ikabidi alisome mara mbili. Lilikuwa jina la yule mchezaji mpya aliyeletwa kutoka nchi jirani, mrefu kupita mlango, ambaye wenzake walimwita Mlingoti.

Akazipekua nyingine. Wengine wanne alikuwa hajawahi kuwasikia. Waliobaki aliwafahamu, vijana waliokula kwake, waliolala kwenye kochi lake. Zilikuwa jezi kumi na mbili, idadi ambayo ligi inaruhusu, na jina la mumewe halikuwamo. Akazigeuza zote upya, akakung'uta hata mfuko ziliokuja nao.

Kisha akacheka. Kesho huyu! Mtu aliyewahi kuisafirisha timu akasahau mipira. Mtu aliyewahi kumwacha kocha kwenye kituo cha mafuta, kocha akiwa chooni. Sasa amemsahau na kapteni. Alicheka kwa sauti, peke yake chumbani, na kicheko kikaisha mapema kuliko alivyotaka. Akampigia simu.

"Meneja, jezi ya mume wangu siioni."

Upande wa pili meneja akakohoa.

"Tisa umempa yule mgeni, sawa, pengine wameelewana. Lakini yeye atavaa ipi?"

"Aa, shemeji, niko barabarani, sikupati vizuri. Hilo tutaliona kesho."

"Kwa hiyo ipo?"

"Kesho, shemeji," akasema, na simu ikakatika.

Kapteni alirudi mchana, taulo shingoni, anachechemea kidogo mguu ule wa siku zote lakini uso umekunjuka. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, na ilibidi amruke.

"Leo nimemfundisha Mlingoti mchezo wetu wa pembeni," alisema kabla hajavua viatu. "Mama, yule mtu ana mikono! Lakini hajui pa kusimama. Kocha ananiambia, kapteni, mchukue huyu, mfundishe kila unachokijua. Nikamshika bega hivi, nikamwambia, kaka, wewe simama hapa, mpira utakukuta."

"Na wewe utasimama wapi?" mama yake aliuliza.

"Kwa sasa nasimama kando nikimwelekeza. Ni mazoezi, mama."

Mama akaendelea na mchele. Halafu akakumbuka. "Msimamizi wa ghala alipita. Anasema nafasi yako kaiacha wazi mpaka mwisho wa mwezi kama mlivyokubaliana, na mwezi unaisha Ijumaa. Baada ya hapo anaweka mtu mwingine aendeshe foklifti yako. Mjibu vizuri, mwanangu. Amekuheshimu."

"Nimjibu nini? Mimi nacheza ligi ya kanda. Klabu wenyewe waliniambia nichague, kazi au mpira, mazoezi ni asubuhi na jioni. Nikachagua. Sasa nirudi kubeba saruji wakati wenzangu wako kwenye televisheni?"

"Mjibu tu," mama alisema.

Fundi alikuwa kwenye cherehani, jezi zote amezifunika shuka. Timu hii ilikuwa na mwiko wake: mchezaji haioni jezi mpya kabla ya siku ya kuivaa. Kuna msimu walizijaribu mapema, wakapiga na picha, wakafungwa mechi zote mpaka wakachekwa na watoto wa shule. Tangu hapo hakuna aliyethubutu. Kapteni alipita kando ya meza akageuza uso upande wa ukuta, kwa madaha, kama mtu anayepita mbele ya bafu la wakwe.

"Mke wangu, zinapendeza?"

"Zinapendeza."

"Usiniambie zaidi!" Akacheka, akaingia ndani kuoga.

Ulimi ulimwasha fundi. Lakini alimjua mumewe. Angekwenda klabuni vilevile na taulo lake shingoni, amkabe meneja koo, na mwaka juzi ugomvi wa aina hiyo ulimweka benchi mwezi mzima. Yote hayo kwa kitu ambacho meneja amesahau tu. Bora lishughulikiwe kimyakimya, likiisha limeisha. Ndivyo alivyojiambia Jumatatu, akajiambia tena Jumanne, na Jumatano simu ya meneja ikaanza kuita bila kupokelewa.

Alhamisi alifunga kazi mapema, akaenda dukani kutafuta kitambaa.

Katika kazi yake, nguo ikipungua unashona. Bi harusi akija na wasimamizi watano na magauni manne, hukai chini kumtafuta mwenye kosa. Unatafuta kitambaa, unakata, wanaingia ukumbini watano. Hakuna aliyewahi kumlalamikia. Alizunguka maduka ya vitambaa na kipande cha jezi mkononi, akikilinganisha na majora mpaka wauzaji wakamchoka. Wa mwisho alimwambia, "Mama, buluu ni buluu." Fundi akamwambia mwenye kusema hivyo ndiye anayevaa soksi mbili tofauti. Wakacheka wote wawili, naye akapunguziwa bei.

Alichopata kilikaribia. Kwa mbali usingetofautisha. Na kwa kuwa alikuwa amebana jezi za wafupi, alibaki na vipande vya kitambaa chenyewe cha ligi, vyembamba, ambavyo alivitumia ubavuni na shingoni, pale jicho linapotua kwanza. Namba aliweka kumi na tatu, kwa sababu haikuwamo kwenye furushi. Jina la mumewe akalikata herufi moja moja, akalishona mgongoni kwa mshono wa kuziba usiotatuka hata ukivutwa na watu wawili.

Ikabaki nembo ya ligi, ile ya kifuani upande wa moyo, mpira uliozungukwa na nyota. Hiyo aliitarizi kwa mkono. Alitarizi Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi yote, akihesabu nyuzi, akifumua nyota moja iliyokaa upande na kuianza upya. Alipomaliza aliiweka kando ya zile za ligi akarudi nyuma mpaka mlangoni kuitazama. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na ile furaha ya fundi anayejua kazi yake imetia fora ikamfumba macho kwa mambo mengine yote.

Dereva wa klabu alikuja kuchukua furushi. Fundi alimpa zile kumi na mbili, ya kumi na tatu akaibakiza.

Jioni ile kapteni alikaa kitandani akampigia simu msimamizi wa ghala. Fundi alikuwa anakunja nguo palepale chumbani. "Bosi, nakushukuru sana," kapteni alisema. "Kweli kabisa, hukuwa na lazima ya kunisubiri. Mpe mwingine nafasi... Ndiyo, bosi. Kesho utaniona kwenye televisheni." Msimamizi akasema kitu, kapteni akacheka.

Fundi alikuwa ameshika shati. Alikuwa na muda wote wa simu ile kusema neno moja, hata kumgusa tu begani. Alilikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Tisa amepewa Mlingoti," alimwambia Jumamosi asubuhi, akimkabidhi jezi iliyonyooshwa pasi. "Yako ni hii."

Kapteni aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama namba. Uso ulimshuka kidogo, akaupandisha tena.

"Sawa," alisema. "Namba haifungi vikapu. Kapteni ni kapteni." Akaivaa, akavaa na suruali yake ya mazoezi na koti juu, akajitazama kwenye kioo cha kabati akiwa ameinama, maana kioo hakikumtosha. Binti yao akampigia makofi.

Ukumbi ulikuwa umejaa bendera na muziki wa kupasua masikio. Fundi, mama mkwe na binti walipata viti vya juu, mbali, kwa tiketi za kununua, kwa sababu meneja alikuwa amesema zile za familia zitakuja kesho. Kapteni aliwaacha mlangoni akaingia kwa mlango wa wachezaji, na mlinzi akampigia saluti.

Hawajakaa sawasawa, akaja msichana aliyevaa fulana ya ligi, anauliza safu kwa safu. "Nani fundi wa jezi? Anaitwa chini."

"Ni huyu hapa!" mama mkwe alisema kwa sauti, watu wakageuka. "Nenda mwanangu. Wanataka kukushukuru."

Fundi alijitengeneza kitambaa cha kichwa. Alishuka ngazi akijaribu kutotabasamu sana.

Kwenye kijia cha nyuma, timu ilikuwa imepangwa mstari ukutani. Mkaguzi wa ligi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, alikuwa amesimama mbele ya kapteni, na kidole gumba chake kilikuwa juu ya ile nembo, kinapapasa nyuzi.

"Wewe ndiye uliyeshona hii?"

"Ndiyo, mama."

"Kazi nzuri sana," mkaguzi alisema, na hakuwa anatania. "Lakini siyo yetu. Nembo zetu hubandikwa kwa moto, hazitariziwi. Na timu hii imeandikisha watu kumi na wawili, kumi na tatu haimo." Akamgeukia meneja, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anafika mbiombio, jasho usoni. "Huyu ni nani?"

"Mimi ni kapteni," kapteni alisema.

Mkaguzi aliendelea kumtazama meneja. "Ni kapteni wenu?"

"Ni kapteni, ndiyo," meneja alisema. "Wa ligi ya nyumbani."

Kocha alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu kilichokuwa kimefungwa tayari. Vijana waliokula kwa fundi, waliolala kwenye kochi lake, walitazama dari, walitazama sakafu. Hapo ndipo alipoona kwamba walikuwa wanajua. Wiki zote zile mumewe akiwapanga, akiwashika mabega, akimfundisha mtu pa kusimama, wote walikuwa wanajua.

"Tulidhani umeshajua, bwana," meneja alisema, safari hii kwa ile sauti yake ya kuuma na kupuliza. "Hatukutaka kukuaibisha mbele ya wenzako. Ndiyo maana jezi tulizipeleka kwa mkeo badala ya kiwandani. Kumi na mbili, kila moja na jina lake. Tulijua ataona, atakuambia. Neno kama hilo mtu hulipokea vizuri zaidi likitoka kwa mkewe."

Fundi akamsogelea. "Nilikupigia simu! Nikakuuliza ya mume wangu iko wapi!"

"Ulipiga, mama. Nami nilisema ipo? Nilisema tutaona kesho."

Mama. Mpaka wiki ile alikuwa shemeji.

"Niliuliza kama ipo! Ungesema hapana! Neno fupi, lingekugharimu nini?"

"Tafadhali," mkaguzi alisema, naye alionekana anaona aibu kwa niaba ya watu wote. "Nembo ya ligi kughushiwa ni kosa, klabu inaweza kuadhibiwa. Avue tu, tuyaache hapahapa."

Kapteni alivua. Alianza na koti akaliangusha chini, kisha akaivuta jezi kichwani. Ilimbana mabegani, kwa sababu mkewe alikuwa ameikata imkae vizuri, akahangaika nayo kidogo huku wote wakimtazama kifua wazi. Mlingoti aliinama, akaliokota koti, akamsaidia kulivaa. Kapteni alikubali kuvalishwa, mkono mmoja, wa pili, bila kumtazama mtu. Akampita mkewe akatoka kwa mlango wa nyuma.

Jezi alibaki nayo mkaguzi. Fundi hakujua kama aiombe. Juu ukumbini mtangazaji alianza kuita majina.

"Ulijua," kapteni alisema nyumbani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, koti bado mwilini. Televisheni ya jirani ilikuwa inaunguruma ng'ambo ya ukuta, mechi inaendelea. Mama mkwe alikuwa amemchukua binti kwenda kwa shangazi yake.

"Nilidhani wamesahau."

"Mtu anamsahau kapteni?"

"Kesho yule! Si alisahau mipira? Si alimsahau kocha?"

"Zilikaa hapa wiki nzima. Ulinisikia nikizungumza na bosi jana. Ulikuwa umesimama pale." Akanyoosha kidole kuelekea chumbani. "Pale. Nimemwaga unga mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikicheka, na wewe unakunja shati."

"Sikutaka uumie kwa kitu ambacho huenda..."

"Ungeniambia Jumatatu ningeumia Jumatatu. Jumanne ningekuwa ghalani."

Fundi akakasirika. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuacha kwenye timu? Mwenye timu ameleta wageni watano, kocha kakutumia kama chambo mazoezini, vijana wako wamekuficha, meneja kakukimbia, na wewe unamgombeza mkeo? Nenda kawagombeze wao!"

"Wao siishi nao," kapteni alisema.

Jumatatu alikwenda ghalani. Kwenye foklifti alikuwa amekaa mtu mwingine, tena mtu mwema, aliyemwamkia vizuri. Msimamizi alisikitika sana, akampa kazi iliyobaki, ya kupakia mifuko kwa mgongo pamoja na vibarua. Vibarua walimjua. Wa kwanza kumwona alisema, "Kapteni! Mbona kwenye televisheni hatukukuona?" na hakusema kwa ubaya, alikuwa anauliza tu. Wengine waliofuata waliuliza kwa ubaya.

Ndivyo siku zikawa zinakwenda. Alirudi kila jioni na saruji kwenye nyusi, akaoga, akala, akamwuliza binti habari za shule. Kwa mkewe alikuwa na maneno ya lazima tu: chumvi, kodi, nani kapiga hodi. Fundi alilirudia lile lake, nilidhani wamesahau, asubuhi moja na jioni nyingine, mpaka mama mkwe akamwambia aliache, limechakaa. Timu nayo ilikuwa inafungwa. Wachezaji wa kununuliwa walikuwa kila mmoja anacheza mechi yake, na ligi ikaenda mapumziko huku jina la klabu likiwa mkiani.

Katika mapumziko hayo meneja akarudi. Safari hii alikaa.

"Shemeji," alisema, akapokea maji, akapokea na chai, akauliza hali ya mama mkwe. Kisha akatoa jezi moja kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa namba tisa, imebandikwa plasta mpya yenye jina jipya. "Fumua hilo jina, weka hili. Mwenye timu ameleta mtu mwingine, huyu sasa ndiye mwenyewe. Mechi za marudiano atawatoa watu jasho."

Fundi aliitazama kazi yake ya mwezi uliopita, zile herufi ndefu za kigeni. "Na mwenye jezi hii?"

"Anaondoka."

"Ameshaambiwa?"

"Aa, hayo ni ya ofisini, shemeji." Meneja alipuliza chai. "Nimemwambia nampelekea fundi, imefumuka kwapa."

"Haijafumuka."

"Ndiyo, haijafumuka." Akacheka, akimwona mwenzake amechelewa kuelewa. Akaacha malipo mezani, mazuri kuliko ya mara ya kwanza, akaaga.

Fundi alichukua mkasi mdogo wa kufumulia. Pesa zilikuwa zinahitajika, hilo hakuna wa kumwambia. Aliingiza ncha ya mkasi chini ya herufi ya kwanza, akakaa hivyo, mpaka mkono ukachoka. Halafu akaitia jezi kwenye mfuko kama ilivyokuja, akajifunga kitambaa kichwani.

Mlangoni alikutana na mumewe anarudi kazini.

"Unakwenda wapi?"

"Hosteli ya wachezaji. Wanamwacha Mlingoti, hajui. Wamenipa jezi yake nifumue jina." Alitarajia apitwe bila neno, kama siku zote. "Naenda kumwambia."

Kapteni alimtazama. Alikuwa mweupe wa saruji mpaka kwenye kope.

"Ngoja ninawe uso," alisema.

Walikwenda kwa miguu, yeye mbele, mkewe nyuma. Mlingoti walimkuta ameketi kwenye ngazi za hosteli, magoti yamefika kidevuni, anasugua viatu kwa mswaki. Aliwaona akasimama, akafurahi kweli, akamshika kapteni mkono kwa mikono miwili. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini kilimtosha.

"Kapteni! Karibu. Shemeji, karibu. Jezi tayari?"

"Jezi haikufumuka," fundi alisema, na akaona akisita hata mara moja atashindwa. "Kaka, wanakuacha. Ameletwa mtu mwingine. Meneja amenipa jezi yako nitoe jina lako, na wewe hajakuambia. Nimeona ujue leo, ujipange."

Mlingoti aliuchukua mfuko, akaichungulia plasta. Alikaa tena, polepole, na mswaki bado mkononi. Akatazama barabarani.

"Asubuhi nimemuuliza tiketi ya mechi ya ugenini," alisema. "Akasema kesho."

Hakuna aliyecheka.

"Wewe walikuambiaje?" alimwuliza kapteni. "Mimi siku ile nilifikiri unajua. Nilifikiri kuna mtu amekuambia. Hakuna? Hata mmoja?"

Kapteni alifungua mdomo, lakini fundi ndiye aliyejibu.

"Mimi nilikuwa najua," alisema. Alikuwa anamwambia Mlingoti, macho yake yakiwa kwenye vile viatu. "Tangu siku ile ile zilipoletwa. Meneja aliponikatia simu nilijua. Niliuogopa uso wa mume wangu, basi, nikamshonea jezi. Nyumbani nasema nilidhani wamesahau. Sikudhani."

Ndani ya hosteli viti vilikuwa vinaburutwa.

"Nilikuwa nasubiri useme," kapteni alisema, bila kumgeukia. Akaketi kwenye ngazi kando ya Mlingoti, akamwuliza kama ana nauli ya kumfikisha kwao.